YAH: Saa moja iliyokosekana kwenye karatasi yenu, na kicheko tulichojibiwa Great Yarmouth

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyekodi kwenu boti ya mapumziko kwa juma moja la mwezi Agosti katika mito ya Broads, eneo la mito na maziwa huko Norfolk, Uingereza, pamoja na tiketi za treni za watu sita kutoka London hadi Wroxham, na nikalipa pauni 1,940 kwa ukamilifu kabla ya siku ya safari kama mlivyotaka. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawapotezea muda kwa kuyanukuu. Naandika kuhusu siku ya Jumanne.

Jumanne asubuhi tulifungua kamba Stokesby tukateremka na mto Bure kuelekea Great Yarmouth, tukiifuata karatasi ya saa za maji ambayo mwakilishi wenu alinikabidhi kwa mkono wake na kuizungushia duara kwa kalamu nyekundu: tuyapite madaraja ya Yarmouth saa 5:40 asubuhi, maji yakiwa yamesimama. Tulifika saa 5:35. Maji hayakuwa yamesimama hata kidogo. Yalikuwa yanakupwa kwa nguvu zote, tena maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na boti ambayo tangu Wroxham ilikuwa ikienda mwendo wa mtu aendaye sokoni bila haraka ikaanza kuchukuliwa kama kifuu cha nazi kuelekea kwenye madaraja mawili yaliyo mbele ya makutano ya mto huo na mto Yare. Nilipopunguza moto wa injini, usukani haukushika. Nilipouongeza, tulizidi kukimbilia kule kule tulikokuwa tunakuogopa. Mke wangu akapiga namba yenu ya dharura, ile mliyoiandika kwa herufi kubwa kwamba hupokewa saa 24 na kwa Kiswahili, akaweka simu kwa sauti ya juu kando ya usukani, kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Mfanyakazi wenu alipokea. Nilimweleza kwa maneno machache kwamba maji yanatuchukua na kwamba sijui nielekeze omo, yaani mbele ya boti, upande gani, nikamwomba aniambie la kufanya. Alicheka. Kisha akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe bila mimi kuongeza wala kupunguza: "Si mlijisifu kuwa ninyi ni watu wa pwani? Mto tu huo, mbona kelele nyingi?" Akasema atamtafuta fundi atupigie baadaye, akakata simu. Huyo fundi namsubiri hadi leo.

Aliyetuokoa hakuwa mtu wenu. Mlinzi mmoja wa gati la boti pale Yarmouth alikimbia ukingoni akinipungia mikono nigeuze boti yote, omo ikabili mkondo, kisha niongeze moto taratibu hadi boti iwe kama imesimama palepale na maji yapite chini yake. Ni jambo dogo kwa anayelijua, na lingeweza kuelezwa kwa simu kwa sentensi mbili. Niligeuza, tezi, yaani nyuma ya boti, ikasugua ukuta wa gati, mlinzi akadaka kamba, tukafunga. Baada ya kuwatuliza watoto nilimwonyesha ile karatasi yenu. Aliitazama, akatazama jedwali lake, akaniuliza kama waliotupa wanajua kwamba nchi hii ina saa za kiangazi.

Ndugu Meneja, karatasi yenu ilinakiliwa kutoka kwenye jedwali lililopigwa kwa saa za Greenwich. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa zote za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja, na kila anayefanya biashara ya boti katika nchi hii hujumlisha saa hiyo moja kabla ya kumpa mtu karatasi. Saa 5:40 yenu ilikuwa saa 6:40 mchana. Mlitupeleka penye mkondo mkali kuliko mahali pengine popote katika safari yetu saa nzima kabla ya wakati wake, na hamkufanya hivyo kwa bahati mbaya ya hali ya hewa bali kwa kutojumlisha moja. Mimi ni mtoto wa nahodha. Nimezaliwa Tanga, nimelala ndani ya jahazi kabla sijajua kusoma, na najua bamvua na maji mafu ni nini. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo maana sikuibishia karatasi: maji ya ugenini mtu huuliza wenyeji, na nyinyi ndio mliojitangaza kuwa wenyeji wetu.

Kasoro hazikuanza siku hiyo. Jumamosi tulipofika Wroxham saa 9 alasiri tuliambiwa kwamba boti ya vyumba vitatu tuliyoilipia imeharibika, tukapewa ya vyumba viwili yenye kiti cha sebuleni kinachokunjuliwa kuwa kitanda, na bei ikabaki ileile. Maelekezo ya kuendesha yalichukua dakika 10, nazo tulizitumia boti ikiwa imefungwa gatini. Mwakilishi alitakiwa aende nasi mtoni kipande kidogo ili anione nikigeuza, nikisimamisha na nikifunga, na kama angefanya hivyo ningejua tangu Jumamosi lile nililofundishwa Jumanne kwa kupigiwa kelele kutoka ukingoni. Jaketi ya kujiokolea ya saizi ya mtoto ilikuwa moja, na watoto ni wawili. Tangi la choo lilijaa Jumapili usiku, jambo lisilowezekana kwa boti iliyokabidhiwa ikiwa imenyonywa uchafu wake. Hata hiyo brosha yenu inayowasifia wateja "maziwa ya asili ya Norfolk" haisemi kweli, kwa sababu maziwa yale ni mashimo yaliyochimbwa na watu wa kale waliokuwa wakikata udongo wa mboji wa kuchoma, maji yakaja kuyajaza baadaye. Ila hilo nawasamehe.

Lisilosameheka ni la Jumamosi ya pili. Tuliporudisha boti, mwakilishi yuleyule alipita nyuma, akaona mkwaruzo wa tezi, akaandika kwenye fomu "uzembe wa mteja" na kuzuia amana yangu ya pauni 250. Nilimweleza kuhusu karatasi. Akasema karatasi ni ya kusaidia tu, jukumu ni la nahodha. Nikamwuliza kwa nini basi aliizungushia duara kwa wino mwekundu. Akaniambia nisaini, kwa kuwa kuna familia nyingine inasubiri.

Naomba nirudi gatini Yarmouth, kwa sababu nilipoandika hapo juu sikusema yote, na nimekaa nayo siku tisa nikifikiri kwamba pengine si lazima yaandikwe. Ni lazima. Ndani ya boti ile alikuwemo mama yangu mzazi, mwenye miaka 74, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku. Boti ilipoanza kuchukuliwa alikuwa ameketi sebuleni, mjukuu mmoja mapajani na mwingine amemshika kwa pindo la kanga, na yule asiye na jaketi ya saizi yake alikuwa amemfunga yake mwenyewe, imemmeza mtoto hadi masikioni. Hakupiga kelele. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo mfanyakazi wenu aliyoisikia kwenye simu, akauliza ni nani huyo anayelia. Nikamjibu kwamba ni mama yangu na wala halii. Hapo ndipo alipocheka, tena kicheko cha mtu mwenye kitu mdomoni anachotafuna, akasema yale ya watu wa pwani niliyoyaeleza, na baada yake akaongeza: "Basi mwambie bibi ashuke aisukume." Simu ilikuwa kwa sauti ya juu. Watu wote sita walisikia. Mama yangu alinyamaza na dua yake, akanitazama, akauliza: "Huyo anayecheka ni mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu, na ninawaachia nyinyi mjibu. Kama ningejibiwa hivyo kwa Kiingereza na mtu asiyenijua, ningekasirika kwa siku mbili yakaisha. Lakini niliwachagua nyinyi, na kuwalipa zaidi ya pauni 200 juu ya bei ya wenye boti wenyewe, kwa sababu moja tu, kwamba mzee wangu akiwa na shida atasemeshwa kwa lugha anayoielewa. Alisemeshwa kwa lugha anayoielewa. Aliielewa neno kwa neno. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje kwenye sitaha. Tulipolala usiku ule Yarmouth bila kupanga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvuka madaraja hata maji yaliposimama, alikaa macho hadi alfajiri. Asubuhi tuligeuza na kurudi kaskazini. Reedham na Beccles, ambako ndiko hasa tulikokuwa tunakwenda, tumebaki kuviona kwenye ramani yenu.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kudai mambo mawili tu, yaani kurudishiwa amana ya pauni 250 yote na kufidiwa tofauti ya bei kati ya boti niliyoilipia na niliyopewa. Sasa nimeyasoma niliyoyaandika na naona madai hayo ni madogo mno kwa haki. Mliniuzia boti na usafiri kwa malipo mamoja, na kwa kanuni za safari za jumla za Uingereza za 2018 mwandaaji wa safari hawezi kujificha nyuma ya mwenye boti, wala nyuma ya mfanyakazi wa simu. Mnawajibika kwa huduma zote mlizoziuza. Kwa hiyo nadai amana yote, nusu ya gharama ya safari, yaani pauni 970, na kufutwa kwa maandishi kwa maneno "uzembe wa mteja" kutoka kwenye fomu ile.

Nadai pia barua ya kuomba radhi, kwa Kiswahili, iliyoandikwa kwa jina la mama yangu na si langu, na kusainiwa na wewe Meneja mwenyewe. Isiwe barua ile ya "tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Itaje simu ile na itaje kilichosemwa. Anarudi Tanga baada ya siku 16, na ningependa aondoke nayo mkobani.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku ya 15 nitaipeleka nakala, pamoja na picha ya karatasi yenu yenye duara jekundu, kwa Mamlaka ya Broads, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa wanaokodisha boti katika mito ile, na nitawauliza kama wanaridhika kwamba familia zenye watoto zinapewa saa za maji zisizo sahihi na dakika 10 za mafunzo boti ikiwa imefungwa. Siku hiyohiyo nitafungua madai katika mahakama ya madai madogo, na huko sitaomba nusu. Nitaomba pauni 1,940 zote, amana juu yake, na gharama za kufungua kesi. Rekodi ya simu ninayo: mke wangu aliirekodi kwa simu ya pili akidhani tutahitaji maelekezo ya fundi tuyasikilize tena. Jumuiya ya Watanzania mjini kwetu ina mkutano mwisho wa mwezi huu, na wengi wao nilikuwa nimewashauri waje kwenu. Kama nitakuwa sijapata majibu, nitasimama na kuwachezea rekodi hiyo, kisha nitaketi bila kuongeza neno.

Tafadhali msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Kwa kawaida mahali hapa mtu hutanguliza shukrani. Mimi zangu nimezizuia, kama mlivyozuia amana yangu.

Mteja wenu,
wa boti ya vyumba viwili aliyelipia vitatu.