Kufuli ndani ya gari la kulalia ni mtego

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno na wenzangu ambao, kila ikifika likizo, hung'oa viti vya HiAce au Noah, wakaweka kitanda cha mbao na jiko, kisha wakaenda kulala porini pasipo geti wala mlinzi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na wengi wanaoniletea magari ya namna hiyo huanza kwa kuagiza nondo za madirishani na makufuli ya ndani. Siwacheki, kwa sababu hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Tulikuwa tumeshapita Engaruka, katika barabara itokayo Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, tukaegesha HiAce yetu pembeni na kulala. Mlango wa ubavuni nilikuwa nimeufunga kwa kufuli nililolitoa kwenye banda la kuku, na mlango wa nyuma nilikuwa nimeuzuia kwa pau la chuma lililokazwa kwa nati mbili. Usiku wa manane mama watoto akaniamsha akisema anasikia harufu ya gesi. Koki ya mtungi haikuwa imefungwa sawasawa, na gesi ya kupikia, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ilikuwa imetanda chini kwenye sakafu, palepale tulipotandika godoro la mtoto. Nikapapasa ufunguo pale ninapouweka siku zote, sikuupata. Taa sikuthubutu kuiwasha, kwa kuhofia cheche. Mwishowe tulitoka mmoja mmoja kwa mlango wa dereva, tukiruka masanduku niliyokuwa nimeyapanga juu ya kifuniko cha injini, na asubuhi ufunguo ukaonekana ndani ya kiatu changu. Mwizi hakuja usiku ule, lakini kama angekuja, angetukuta tumeshajifungia wenyewe.

Tangu hapo sifungi kitu chochote ndani ya gari ambacho mtoto wangu wa miaka tisa hawezi kukifungua gizani kwa mkono mmoja. Komeo la kawaida la mlango wa chumbani, lililokazwa kwa bolti zinazopenya bati na kushikwa na kipande cha chuma upande wa pili, humzuia mtu wa nje vizuri kama kufuli, na kwangu halikufika hata shilingi 10,000. Nondo za madirishani nimeziondoa zote, nikabakiza pazia zito, kwa maana mtu asiyejua kama ndani mna mmoja au mna wanne hufikiri mara mbili. Na kwa kuwa pazia huzuia hewa pia, naomba pasiwe na mtu wa kuingiza jiko la mkaa ndani kwa kisingizio cha baridi: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka.

Fedha iliyobaki ni bora iende kwenye swichi ya siri. Katika injini ya dizeli ya zamani kama 3L ya HiAce yangu, pampu ina solenoidi inayofungua njia ya mafuta pale tu inapopata umeme, hivyo ukiupitisha waya wake kwenye swichi ndogo iliyofichwa, starta itazungusha injini mpaka betri iishe bila gari kuwaka, na hata kulisukuma hakutasaidia. Kwa Noah ya petroli, swichi hiyo huwekwa kwenye waya wa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya pampu ya mafuta. Waya uwe wa unene unaofaa, fyuzi iwepo, na swichi isikae mahali ambapo goti litaigusa ukiwa mwendoni, kwa sababu injini ikizima ghafla kwenye mteremko usukani huwa mzito kama jiwe. Ukishaegesha, elekeza pua ya gari barabarani, na njia ya kutoka kitandani hadi kiti cha dereva ibaki wazi, ili ukisikia vishindo uwashe na kuondoka bila kukanyaga ardhi. Masanduku yangu siku hizi hukaa chini ya kitanda.

Nje ya gari ninatumia taa moja ya sola inayowaka mtu akisogea, pamoja na mshipi wa kuvulia samaki uliozungushwa kwenye vijiti na kufungwa makopo mawili ya maziwa yenye kokoto. Vijana hucheka wakiyaona. Mara nyingi anayeyagonga ni mbuzi, nami huamka bure, lakini makopo hayahitaji betri.

Lililo rahisi kuliko yote haliuzwi dukani, nalo ndilo linalosahaulika zaidi. Pori tunaloliona halina mwenyewe, kwa kawaida, kama si hifadhi, ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Anayefika saa moja usiku na kujificha nyuma ya migunga huonekana kuwa mwizi wa mifugo kabla hajawaogopa wezi yeye mwenyewe. Siku hizi hufika jua lingali juu, nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamsalimu, nikaeleza tuko wangapi na tunaondoka lini, kisha nikachukua namba yake ya simu. Mara ya mwisho mzee huyo alitazama mahali nilipopachagua, akatikisa kichwa na kunionyesha pengine, mita kama mia mbili mbele, karibu na boma la mdogo wake, akisema kule chini ndiko tembo wanakopita kwenda kunywa maji. Swichi yangu ya siri isingenisaidia kitu hapo.

Msomaji wako,
Fundi umeme wa magari, Arusha