Barua kwa Salim, bandarini

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Kuhamishiwa kwako kitengo cha afya pale bandarini kumenifurahisha mno. Ila uliposema kwenye simu kwamba kazi yenyewe ni kugonga mihuri tu, usingizi uliniruka. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kuna meli moja nataka uijue. Talune iliondoka Auckland, New Zealand, mwishoni mwa Oktoba 1918, wakati yale mafua makali yaliyoua mamilioni duniani yamepamba moto (ndiyo hayo yaliyoingilia Mombasa yakapanda reli hadi bara). Fiji wakaiweka karantini. Tarehe 7 Novemba ikafika Apia, Samoa Magharibi, visiwa vya Pasifiki vilivyotawaliwa na New Zealand. Afisa wa bandari hakuwa na habari za balaa lililoshuka Auckland. Abiria wakashuka, wagonjwa wakiwemo.

Salim, walikufa watu kama 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano, wengi kwa wiki chache tu. Nyumba nzima inalala chini, hakuna wa kuchota maji wala wa kuchimba magimbi. Malori yalipita yakizoa maiti, wakazikwa shimo la pamoja pale Vaimoso.

Sasa tazama jirani yao, Samoa ya Marekani. Gavana John Poyer alipopata habari kwa redio alifunga bandari, na wanavijiji wenyewe wakalinda fukwe mashua zisiguse mchanga. Hakufa hata mtu mmoja! Watu ni wale wale, lugha moja, ndugu kwa ndugu. Poyer akajitolea kupeleka madaktari upande wa pili. Mtawala wa kule, Robert Logan, hakuupokea msaada huo. Hapo ndipo ninapoumia zaidi kila nikiikumbuka habari hii. New Zealand ilikuja kuomba radhi mwaka 2002, baada ya miaka 84.

Basi nahodha akikuharakisha usiku wa manane, na wakala ananung'unika mzigo unaoza, panda melini mwenyewe. Muulize bandari zote alizopita, na kama kuna iliyomzuia. Ingia vyumba vya mabaharia usikie nani anakohoa. Ukiwa na shaka, usigonge muhuri.

Mama anakusalimu sana. Kanga za shemeji nimempa kondakta wa basi la alfajiri, uzifuate stendi kabla ya saa nne.

Nduguyo,
Mwinyi