Magenge ya siasa hayakuanza na vijana wa leo

Mhariri,

Kila uchaguzi unapokaribia, lawama za fujo huku Kisumu na Nakuru huangushiwa vijana: eti ni wavivu, eti ni bangi, eti kizazi hiki kimeharibika. Sisi tunaofundisha historia tunaomba nafasi kulipinga hilo. Ghasia za siasa huwa na mwenyewe, na Roma ya kale inamwonyesha peupe.

Mwaka 133 K.K. Tiberius Gracchus, mtetezi wa raia, alitaka ardhi ya umma iliyohodhiwa na matajiri wagawiwe maskini. Waliomuua mkutanoni ni maseneta na wafuasi wao, wakiongozwa na Scipio Nasica. Walishika rungu na miguu ya mabenchi yaliyovunjika. Watu zaidi ya 300 waliuawa, maiti zikatupwa mtoni Tiber. Nasica hakufikishwa kortini. Alitumwa Asia kama mjumbe wa dola.

Miaka 12 baadaye ikawa zamu ya mdogo wake, Gaius. Safari hii Opimius, konsuli (mmoja wa wakuu wawili wa dola waliochaguliwa kila mwaka), alitangaza bei: atakayeleta kichwa cha Gaius atalipwa dhahabu ya uzito uo huo. Inasimuliwa kwamba aliyekileta alikuwa ametoa ubongo na kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa mahali pake, na mizani ikafika ratili 17 na theluthi mbili. Tangazo lilikuwa limemgeuza binadamu kuwa bidhaa, na muuzaji akafanya wafanyavyo wauzaji walaghai. Mwaka uliofuata Opimius alishtakiwa, akaachiliwa.

Kufikia mwaka 58 K.K. kazi hii ilikuwa na utaratibu kamili. Clodius, naye mtetezi wa raia, alipitisha sheria ya nafaka ya bure, kisha akarudisha vyama vya mitaa ambavyo Seneti ilikuwa imevipiga marufuku mwaka 64 K.K. Watu wake waliandikishwa hadharani, mtaa kwa mtaa, wakagawanywa vikosi vikosi. Kwanza chakula, kisha majina, kisha viongozi wa mtaa: mfuatano huo mkazi yeyote wa mitaa ya Kondele, Kisumu, au Kaptembwo, Nakuru, ataufahamu bila kufafanuliwa.

Hitilafu yake ni kwamba genge la mmoja humfanya mpinzani naye atafute lake. Milo, mpinzani wa Clodius, alinunua watumwa waliofunzwa kupigana kwa upanga viwanjani. Vurugu zikazidi hata uchaguzi ukakwama, na mwaka 52 K.K. ukaanza bila konsuli. Tarehe 18 Januari misafara yao ilikutana njiani, nje ya Roma: Clodius na watumwa kama 30, Milo na watu kama 300. Clodius alijeruhiwa begani, akakimbizwa kwenye nyumba ya wageni. Milo akaamuru aburutwe nje amalizwe.

Umati uliubeba mwili hadi ndani ya jumba la Seneti, ukarundika mabenchi, meza na vitabu vya makarani, ukauchoma humo humo. Jumba lote likateketea. Mabenchi tena! Maseneta wa mwaka 133 waliyashika kama silaha, na miaka 81 baadaye yakawa kuni za kuchomea jumba lao. Jenerali Pompey alifanywa konsuli peke yake, askari wakaizunguka korti iliyomsikiliza Milo, na miaka mitatu baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka.

Yudea chini ya Warumi nako kulikuwa na Sicarii, kundi la wauaji wa Kiyahudi, waliochanganyika na umati wa sikukuu Yerusalemu, wakichoma watu kwa visu vifupi vilivyofichwa nguoni, kisha wakipiga mayowe pamoja na waombolezaji. Walipomteka karani wa mkuu wa hekalu, gavana Albinus aliachilia wafungwa 10 ili arudishwe. Kuanzia hapo hawakuacha kuteka.

Kwa hiyo tuna ombi kwa gazeti hili. Genge likivamia mkutano, picha ya kijana mwenye rungu isitosheleze habari. Andikeni nani alikodi magari, nani aligawa pesa, na mtaa upi uliandikisha majina. Faili ikifika kortini, ifuateni hadi siku ya hukumu, na ikitoweka, chapisheni tarehe ilipoonekana mara ya mwisho.

Walimu wa Historia,
Kisumu na Nakuru