Filamu za kumsaka Eichmann zisiwasahau waliomfichua

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie filamu za kihistoria zinazosimulia jinsi Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambi za mauaji, alivyokamatwa nchini Argentina. Hunigusa sana tukio la jioni ya Mei 11, 1960, pale mtu huyo, akijiita Ricardo Klement, anaposhuka kwenye basi karibu na nyumba yake ya Mtaa wa Garibaldi, Buenos Aires, na kukabwa na majasusi wa Israel gizani kando ya barabara.

Kinachonisikitisha ni kwamba sifa hurundikwa kwa majasusi, ilhali miaka kadhaa kabla yao alikuwapo Lothar Hermann, mtu asiyeona aliyewahi kufungwa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, ambaye binti yake alifahamiana na mtoto wa Eichmann. Habari zake zilimfikia Fritz Bauer, mwendesha mashtaka Mjerumani, naye Myahudi, aliyeidokeza Israel kwa siri kwa kuwa hakuziamini ofisi za nchi yake mwenyewe.

Na kesi ya Eichmann mjini Jerusalem ya 1961, ambako mashahidi zaidi ya 100 walisimama kueleza yaliyowapata, kwa nini ipewe dakika chache tu za mwisho?

Msomaji wako