Risala ya Kikundi cha Wanawake Wakamuaji wa Alizeti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Jengo la Mashine

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini na wazee wetu, wataalamu mlioongozana na Mgeni Rasmi, ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kwetu, tena kwa barabara ile. Tunajua ratiba yako ilikuwa na sehemu nyingine zenye lami.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016, akina mama tukicheza upatu chini ya mkwaju. Upatu ukazaa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA ikazaa usajili halmashauri, na leo tuko wanachama 22. Historia ni ndefu, lakini jua ni kali na tumenong'onezwa kwamba una dakika chache, kwa hiyo tunaiacha hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tumeshiriki maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, na tukatunukiwa cheti cha ushiriki, ambacho utakiona ukutani ukiingia. Mafuta yetu yamevuka mipaka ya nchi: kijana wa mwanachama mwenzetu alibeba chupa mbili hadi Nairobi, na zilisifiwa sana. Tunamiliki viti vya plastiki 50 vya kukodisha kwenye harusi na misiba, ndivyo mlivyokalia. Na tumejenga jengo hili kwa matofali tuliyoyafyatua wenyewe.

Hatukufika hapa peke yetu. Tunaishukuru Serikali kwa sheria ya mwaka 2018 inayozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa mikopo isiyo na riba. Sisi tulibahatika kupata wa kwetu kabla mikopo haijasimamishwa Aprili 2023, na tukanunua mashine ya kukamua. Tunaishukuru SIDO, shirika la Serikali la viwanda vidogo, kwa mafunzo. Tunashukuru kwa mbegu bora za msimu wa 2021/2022, Serikali ilipoamua kwamba Singida, Dodoma na Simiyu ziipunguzie nchi mzigo wa kuagiza mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Tunashukuru pia kwa umeme wa kuunganishiwa kwa shilingi 27,000.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba ruhusa yako tulieleze jambo lililotufanya tukuandikie barua ya mwaliko.

Baada ya risala hii utaombwa ukate utepe na uwashe mashine. Itazunguka, mafuta yatatoka, picha zitapigwa. Tumeona si vizuri upigwe picha bila kujua kwamba mngurumo utakaousikia nyuma ya jengo ni wa jenereta ya kuazima. Mwenyewe anaifuata jioni. Kesho asubuhi mashine hii itakuwa imesimama.

Umeme kijijini upo, hatutaki mtu aondoke akisema tumelalamika kwamba haupo. Uko shuleni, zahanati na kwenye nyumba za kando ya barabara. Lakini ni wa njia moja. Unawasha taa, unachaji simu, unapoza soda, unaendesha mashine ya kunyolea. Mota yetu inataka umeme wa njia tatu, na laini ya njia tatu inapita ng'ambo ya korongo lile. Ukisimama mlangoni unaiona ikielekea kwenye mnara wa simu. Mnara una umeme wa kutosha na hauna mfanyakazi hata mmoja. Sisi tuko 22, na vijana wetu wamekaa pale kijiweni.

Msimu uliopita tulijaribu kukodi jenereta. Dizeli ilimeza faida hadi tukawa tunakamua kwa hasara, tukaacha. Sasa alizeti ikivunwa, walanguzi wanaifuata hukuhuku shambani na gunia lao la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na bei wanapanga wao. Inakwenda kukamuliwa mjini. Wanaopakua ni vijana wa mjini, anayeendesha mashine ni wa mjini, na ushuru unabaki hukohuko. Halafu, Mheshimiwa, sisi tunaofuga hawa kuku wa Singida mnaowasifia tunapanda basi kwenda kununua mashudu ya alizeti yetu wenyewe. Vijana wakiona hivyo wanapanda basi hilohilo, ila wao hawarudi: wengine wako Dodoma kwenye ujenzi, wengine machimboni Geita.

Kwenye taarifa, kijiji chetu ni kimoja kati ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara vilivyotangazwa kufikiwa na umeme. Hatubishi. Mkopo nao, kwenye taarifa, umetolewa. Mafunzo yametolewa, mbegu zimegawiwa. Kila ofisi imemaliza la kwake na kuripoti juu. Ambaye bado hatujamwona ni wa kuuliza kama alizeti inakamuliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si geni kwa viongozi wetu. Aliyekuja kuweka jiwe la msingi aliliahidi hapahapa uliposimama, na ngoma ikapigwa. Alisema amelichukua. Akahamishwa kituo, na hatujui kama alimkabidhi mtu. Aliyefuata alituambia liko kwenye bajeti ya mwaka ujao, nao mwaka huo ulikuja ukapita. Karibu na uchaguzi nguzo zilishushwa pale mnapowaona mbuzi wamelala. Vijana walizishusha bila malipo, na mzee mmoja kwa furaha akachinja. Uchaguzi ulipokwisha lori lilirudi, tukaelezwa kwamba zilishushwa kijiji siyo. Vijana wakaombwa wasaidie kuzipakia. Walisaidia.

Tunayasema haya kwa heshima kubwa, na hakuna hapa anayedhani kwamba nawe utafanya hivyo.

Hatukuombi fedha. Tunakuomba uwaelekeze wataalamu wa umeme walio kwenye msafara wako wavuke korongo leo, kabla magari hayajawashwa, wakaone laini na kupima umbali. Watueleze mbele yako gharama ya kuileta hapa ni ya nani, kwa sababu makadirio tuliyoletewa sisi yanazidi mkopo wote tulionunulia mashine. Kisha tunaomba tarehe. Tusiambiwe "hivi karibuni". Tunaomba siku na mwezi, tuiandike kwa rangi juu ya mlango. Na mpaka siku hiyo ifike, tunaomba halmashauri itusogezee mbele marejesho. Kwa sasa tunalipa kwa fedha ya viti, na mwaka huu, tunamshukuru Mungu, misiba imekuwa michache.

Yapo mengine, kama kivuko cha korongo na mizani. Yako ukurasa wa pili wa nakala yako, nayo yanaweza kusubiri.

Mwisho, Mheshimiwa, tumekuandalia kuku wa kienyeji na dumu la mafuta ya kwetu. Tunaomba hoja ya umeme ijibiwe kabla ya chakula, kwa kuwa uzoefu wetu ni kwamba chakula kikishaliwa misafara huwa na haraka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa kikundi.