Ramani za kaunti za William Smith

Mhariri,

Historia ya jiolojia ya Uingereza ikiguswa, kinachotajwa ni ramani kubwa ya miamba ya mwanajiolojia William Smith ya mwaka 1815. Ni haki yake. Lakini ramani za kaunti alizozitoa kati ya 1819 na 1824 huachwa kando, ilhali kwa anayetaka kujua miamba ya mahali fulani ndizo zenye faida zaidi. Zilitoka kwa mafungu sita, kaunti 21. Yorkshire peke yake ilikula karatasi nne. Mwaka huohuo zilipoanza kutoka, mwenyewe alitupwa gerezani London kwa sababu ya madeni.

Smith hakuchora kaunti upya. Mchapishaji John Cary alikuwa tayari na mabamba ya shaba ya kuchapia atlasi yake, yenye miji, mito na barabara. Pembeni ukaongezwa ufunguo wa matabaka, yaani maelezo ya kila rangi ni ya tabaka gani la mwamba, kisha kila nakala ikapakwa rangi za maji kwa mkono. Kwa hiyo barabara zilizomo zisitumike kukadiria umri wa kazi ya jiolojia. Hata mwaka unaoonekana ndani ya karatasi ukiiinua kwenye mwanga unathibitisha jambo moja tu: nakala hiyo haikuchapwa kabla ya hapo. Na katika ufunguo usitafute majina ya leo, maana udongo wa Oxford Smith aliuita Clunch Clay, na ule wa Kimmeridge, unaofanana nao sana, Oaktree Clay. Kilichomwezesha kuutenganisha mmoja na mwingine ni visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyomo ndani ya miamba.

Wengi hukwama kwenye rangi. Haikupakwa sawasawa: imekolezwa kwenye kitako cha tabaka, ikafifishwa kwa brashi yenye maji kuelekea upande ambako tabaka linazama chini ya jirani yake. Chukua chaki, mwamba mweupe wa chokaa, ambayo Smith aliipa kijani. Kwenye ramani ya Kent, ukingo uliokolea uko kusini, kwani genge, yaani mteremko mkali, la vilima vya North Downs linatazama huko. Sussex, kaunti jirani upande wa kusini-magharibi, ni kinyume: uko kaskazini, penye genge la South Downs. Ziweke ramani hizo mbili pamoja, kingo zinatazamana, na katikati kuna miamba mikongwe zaidi. Hilo ni kuba la matabaka lililomomonyoka kileleni, nawe umeligundua bila mchoro wowote wa wima unaoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa.

Kasoro zipo. Mpakaji akichelewa na brashi ya maji, rangi hukauka na kuacha mstari mkali ambao si mpaka wa mwamba wowote. Dawa ni kulinganisha na nakala nyingine ya kaunti ileile. Mstari usiojirudia ni wa brashi. Mwanga nao hufifisha rangi, na hazififii zote kwa kasi moja, ndiyo maana nakala iliyotundikwa ukutani miaka mingi haiaminiki kama iliyokaa ndani ya jalada. Tena wanaozipiga picha hukoleza rangi kwa kompyuta ili zipendeze, wakafuta kule kufifia kunakoonyesha tabaka limeinamia wapi. Waziache zilivyo, na kando ya ramani waweke kipimo cha rangi.

Msomaji wenu