Watoto wazione asidi na besi jikoni kabla ya kuzikariri darasani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni kwa miaka yote niliyofundisha kemia katika shule za sekondari mkoani Tanga. Kila mwaka hupokea vijana ambao, ukiwauliza asidi ni nini, hujibu kwa sauti moja kwamba ni kitu kinachogeuza karatasi ya litmasi ya buluu kuwa nyekundu; ukiwauliza ni nani kati yao amewahi kuishika karatasi hiyo, darasa zima hunyamaza. Jibu lao ni sahihi na litawapatia alama. Linalonisikitisha ni kwamba watoto hao wamekulia katika nyumba ambamo ndimu, ukwaju, siki, magadi, jivu na sabuni hutumika siku zote, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba somo lenyewe limo humo.

Nichukue mfano ambao kila mama wa Pwani anaujua. Mchuzi wenye manjano ukimwagikia kanzu nyeupe huacha doa la njano. Doa hilo likipakwa sabuni ya mche hugeuka jekundu papo hapo, na likisuuzwa kwa maji mengi hurudia unjano wake. Wengi hudhani sabuni ndiyo iliyoharibu nguo, kumbe rangi iliyomo katika manjano, iitwayo kurkumini, hugeuka inapokutana na besi, yaani kinyume cha asidi, na sabuni ya mche ni besi. Basi mzazi akikoroga kijiko cha manjano kwa maji kidogo, akapaka kitambaa cheupe cha pamba, akakianika kivulini na kukikata vipande, tayari ana kipimo cha besi. Mtoto achovye kipande kimoja katika maji ya sabuni, kingine katika maji yaliyoyeyushiwa magadi, kingine katika maji ya bomba, kisha kile kilichogeuka chekundu akidondoshee ndimu na kutazama kinavyorudi kuwa cha njano.

Mtoto makini atagundua upesi kwamba kitambaa hicho hakitofautishi ndimu na maji matupu, kwa sababu vyote viwili hukiacha kama kilivyokuwa. Hapo ndipo inapofaa rosela, ambayo wengine huiita choya. Maua yake makavu yakilowekwa katika maji ya moto kwa dakika kumi hutoa rangi nyekundu, lakini maji hayo yenyewe ni machachu, hivyo ukiyatia ndimu huoni mabadiliko makubwa. Yazimuliwe kwanza kwa maji mengi, kisha yatiwe magadi soda kidogo kidogo, nayo yatapita kwenye zambarau hadi rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Ndimu ikiongezwa, wekundu hurudi. Msimu wa zambarau ukifika, maji ya tunda hilo hufanya kazi hiyo hiyo. Vitabu vingi na video za kigeni huwaelekeza watoto watafute kabichi ya zambarau, ambayo katika vijiji vyetu vingi haipatikani, na mzazi akiikosa huona sayansi ni ya watu wengine. Hata litmasi yenyewe asili yake ni likeni, viumbe vidogo vya kuvu na mwani vinavyoishi pamoja juu ya miti na miamba, na katika karne ya 19 likeni za rangi za jamii hiyo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kwenda Ulaya kutoka pwani yetu, Zanzibar ikiwemo.

Naomba wazazi na walimu wenzangu wasiishie kwenye mabadiliko ya rangi, wala kwenye povu la siki na magadi soda ambalo watoto hulipenda mno. Povu hilo likitazamwa tu, mtoto atacheka na kusahau. Aulizwe kwanza anadhani nini kitatokea, aandike dhana yake kabla ya kuchanganya, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na siku zote aweke pembeni kikombe cha maji matupu cha kulinganishia. Aulizwe ni gesi gani iliyotoka, kisha mkubwa awashe kiberiti na kukishusha polepole ndani ya glasi, juu ya povu, ili mtoto aone moto unavyozimika kwa sababu kabonidayoksaidi imeifukuza hewa ya kawaida. Mzazi ambaye hakusoma kemia asiogope kazi hii, kwa kuwa anachotakiwa ni kuuliza na kusubiri jibu; mwalimu ataongeza yaliyobaki.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la yai. Yai bichi likizamishwa katika siki hutoa viputo mara moja, na baada ya siku moja au mbili, siki ikibadilishwa mara moja katikati, gamba lote huyeyuka na yai hubaki limeshikwa na ngozi laini tu. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti ndiyo iliyojenga matumbawe yetu na mawe ya chokaa yaliyo chini ya ardhi ya Tanga. Mtoto aliyeliona gamba likiisha anaweza kupelekwa Mapango ya Amboni akaelezwa kwamba maji ya mvua, yakishachukua kabonidayoksaidi hewani na ardhini, huwa asidi dhaifu, nayo kwa muda mrefu sana ndiyo yaliyoyachimba mapango yale. Anaweza pia kupelekwa kwenye magofu ya msikiti wa kale wa Tongoni, kusini mwa jiji letu, akaonyeshwa jinsi wazee wa zamani walivyochoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, wakaijengea. Na chokaa hiyo, ambayo ni besi, ilipokaa ukutani ilinyonya kabonidayoksaidi kutoka hewani ikarudi kuwa jiwe. Sijui somo jingine la sekondari linalounganisha yai, pango na msikiti wa kale kwa namna hiyo.

Jikoni nako kuna mengi. Maharage yaliyotiwa nyanya au ukwaju mapema hukawia kuiva, na yaliyotiwa magadi huiva haraka, kwa sababu pektini inayoshikamanisha chembe za mbegu huyeyuka kwa urahisi zaidi katika besi kuliko katika asidi. Sufuria mbili ndogo zenye maharage ya gunia moja zinatosha kulithibitisha hilo, ingawa magadi yakizidi huharibu vitamini B1, jambo ambalo mpishi naye anafaa kulijua. Baada ya hayo yote ndipo mwalimu alete kipimo cha pH, yaani namba za ukali wa asidi na besi ambazo kadiri zinavyopungua ndivyo asidi inavyozidi, kipimo ambacho mwanakemia Sørensen wa Denmark alikibuni mwaka 1909 akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Mwanafunzi aliyekwisha kuona rangi zikipishana hatashangaa kusikia kwamba ndimu huwa karibu na 2, maji safi 7 na magadi soda kama 8, na ataelewa upesi kwamba kila namba moja ni mara kumi, hata ndimu ya pH 2 ikawa na nguvu ya asidi mara mia kuliko kitu chenye pH 4.

Nasisitiza usalama, kwa maana mtoto aliyeonja raha ya kuchanganya vitu hatangoja mkubwa awepo. Dawa ya madoa yenye klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari vitani huko Ypres nchini Ubelgiji mwezi Aprili 1915. Maji ya betri, kostiki ya kutengenezea sabuni na chokaa isiyozimwa visiguswe na watoto hata kwa majaribio, na maji makali ya jivu yasiachwe yakaingia machoni. Siki na magadi soda visifungiwe ndani ya chupa, maana chupa hupasuka. Kilichotumika katika jaribio kisionjwe, hata kama kilianza kama chakula.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa watoto wa gazeti hili utenge kona ndogo kila wiki kwa jaribio moja la namna hii, likiandikwa kwa Kiswahili, likitumia vitu vinavyouzwa gengeni, na tahadhari zake zikitangulia maelekezo. Kwa walimu wakuu wa shule za msingi na sekondari ninaomba waruhusu daftari la majaribio ya nyumbani lihesabiwe kuwa sehemu ya kazi za mwanafunzi, hasa katika shule ambazo maabara bado haijakamilika. Niko tayari kuandika majaribio ya mwanzo bila malipo, na ninawajua walimu wenzangu wa kemia hapa Tanga watakaoyapitia na kuyajaribu kabla hayajachapishwa.

Mwalimu wa Kemia,
Tanga